Moshi hadi Lushoto kwa pikipiki ukiwa na dereva mgeni

Kutoka Moshi hadi Lushoto ni kama kilomita 245, lami mwanzo hadi mwisho. Dereva mzoefu mwenye Boxer 150 huondoka alfajiri na mchana anakunywa chai Lushoto. Mgeni, yaani aliyeanza kuendesha miezi mitatu iliyopita, naye atafika, ila usimpangie kwa saa yako wewe. Mpangie siku nne:

Siku ya 1: Moshi, Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo. Kama kilomita 210. Mnalala Mombo.
Siku ya 2: Mombo, Soni, Lushoto. Kilomita 33 za mlima, asubuhi. Mchana ni wa kupumzika.
Siku ya 3: Mnashuka Mombo na kurudi hadi Same. Kama kilomita 140. Mnalala Same.
Siku ya 4: Same hadi Moshi, kama kilomita 105.

Njia hii inamfaa mgeni kwa sababu sehemu kubwa ni tambarare na imenyooka, sheli na mafundi hawako mbali, na sehemu ngumu ni moja tu, inajulikana ilipo: mlima wa Mombo. Kosa la wengi ni kuunganisha mlima huo na siku ya kwanza. Mgeni anafika Mombo mikono imekufa ganzi, jua limempiga tangu Same, halafu anaambiwa bado kilomita 33 tu. Hizo 33 zina kona za kujikunja kuliko zote alizopita maishani mwake. Mombo kuna joto na hakuna la kutazama sana, lakini laleni hapo.

Msimu na saa ya kuondoka

Juni hadi Septemba ni kukavu, ila Lushoto usiku kuna baridi ya kweli. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Januari na Februari pia kunafaa, joto la tambarare tu ndilo litawachosha. Epukeni masika, Machi hadi Mei: kati ya Mombo na Soni mawe na udongo huporomoka barabarani, na utelezi wa tope juu ya lami si somo la mtu aliyeendesha miezi mitatu tu.

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, si saa kumi na mbili. Sababu ni jua. Moshi hadi Himo mnaelekea mashariki, na jua likiwa bado chini linaingia moja kwa moja ndani ya kofia. Mgeni haoni shimo, haoni mwenda kwa miguu, na haoni kama gari la mbele limewasha taa za breki. Mkichelewa sana nako kuna shida nyingine. Upepo wa Lembeni na Same, unaopenya kwenye mwanya kati ya Pare Kaskazini na Pare Kusini, huzidi jua linapopanda, kwa hiyo Same ifikeni kabla ya saa tano.

Hesabu mwendo kwa kilomita 40 kwa saa, mapumziko yakiwemo, hata kama spidi mita inasoma 60. Kwa hesabu hiyo Same mnafika kama saa nne na dakika kumi, na Mombo saa saba na nusu au saa nane mkishakula.

Mazoezi matatu kabla ya safari

La kwanza ni breki. Tafuta uwanja au kipande cha barabara kisicho na magari. Mgeni asimame kutoka mwendo wa 20, kisha 30, 40 na 50, mara tano kila mwendo, akitumia breki zote mbili. Wengi waliojifunzia mtaani wameambiwa wasiguse breki ya mbele kwa sababu "itakurusha". Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu ya kusimamisha. Kinachorusha mtu ni kuikamata ghafla, au kuikamata usukani ukiwa umekatwa. Mfundishe kuikamua kama anayekamua chungwa: pole, halafu zaidi, halafu zaidi. Kama kutoka 50 bado anafunga tairi la nyuma na pikipiki inayumba mkia, ahirisheni safari wiki moja.

La pili ni Moshi hadi Mwanga na kurudi, kama kilomita 100, akiwa na mzigo uleule atakaosafiri nao. Hapa ndipo utajua kiti kinamuuma wapi, kofia inambana wapi, na mzigo unalegea baada ya kilomita ngapi.

La tatu ni Himo hadi Marangu, kupanda na kushuka mara mbili. Angalia jambo moja tu: anashuka akiwa kwenye gia, au anashika klachi na kuiacha pikipiki iteleze? Wanaoshika klachi kwenye mteremko ndio wanaounguza breki Soni.

Pikipiki

Peleka kwa fundi wiki moja kabla, usipeleke jana yake. Pikipiki ikitoka gereji ina nati zilizofunguliwa na kufungwa upya, na inayolegea huonekana ndani ya kilomita 100 za kwanza. Afadhali ilegee njia ya Mwanga mkiwa kwenye mazoezi.

Cheni ipimwe mkiwepo. Simamisha kwenye stendi ya kati, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, ipandishe na kuishusha. Icheze milimita 25 hadi 35, kama upana wa vidole viwili. Zungusha tairi na upime sehemu nne, kwa sababu cheni iliyotumika haikazi sawasawa. Pima pale inapokaza zaidi. Mafundi wengi hukaza mno ili ionekane nadhifu. Dereva na mzigo wakipanda, cheni hukaza zaidi, na beringi za gurudumu la nyuma ndizo zinazolipa. Ikiwa imelegea mno, itaruka meno mtakapopanda mlima na gia ya kwanza.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, yakiwa ya baridi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni kama PSI 25 mbele, na nyuma 28 dereva akiwa peke yake au 32 akiwa na mzigo. Fuata kibandiko au kitabu cha pikipiki yenyewe. Soma pia umri wa tairi. Pembeni kuna namba nne ndani ya duara dogo: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye nyufa ndogo pembeni libadilishwe hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimejaa.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia "ting", iliyolegea inatoa sauti ya bubu. Oili, kama imebakiza chini ya kilomita 1,000 kufikia siku yake, mwaga sasa. Pedali ya breki ya nyuma icheze sentimita 2 hadi 3 kabla ya kuanza kushika.

Vifaa vya kubeba ni vichache: tyubu moja ya ringi 17, viraka na gundi, pampu ya mkono, levi mbili za kutolea tairi, spana za 10, 12, 13, 14 na 17, spana ya ekseli ya nyuma, plagi na spana yake, plaizi, balbu ya taa ya mbele, waya laini na utepe wa umeme. Ongeza kebo ya klachi, lakini usiiweke kwenye begi. Ilaze sambamba na ile inayotumika, uifunge kwa utepe kutoka kwenye mkono hadi kwenye injini. Ya zamani ikikatika, kazi inabaki ya kuchomeka ncha mbili.

Mafuta na rizavu

Hesabu lita 1 kwa kilomita 35. Boxer ikitunzwa hula kidogo kuliko hapo, ila upepo wa mbele, mzigo na mkono wa mgeni usiotulia kwenye resi huongeza ulaji. Safari nzima ni kama lita 14 kwa kila pikipiki. Jazeni Moshi, ongezeni Same, jazeni tena Mombo kabla ya kupanda. Petroli ya chupa pembeni mwa barabara iacheni kwa dharura, maana maji na uchafu wake mtauona kwenye kabureta.

Mgeni lazima ajue koki ya mafuta kwa kugusa. Mafuta ya kawaida yakiisha, injini hukohoa na kuishiwa nguvu, na yeye atadhani imekufa katikati ya barabara mbele ya basi. Mwambie ajizoeze ikiwa imesimama: mkono wa kushoto unashuka chini ya tangi, unageuza koki kwenda rizavu, macho yakiwa mbele. Mara kumi. Na mkijaza, airudishe. Anayesahau koki kwenye rizavu atakwama mara ya pili bila akiba yoyote.

Mzigo na mavazi

Kilo 10 kwa mgeni, zisizidi, na asibebe abiria. Vizito vikae chini na karibu na kiti. Ukivirundika nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kutetemeka kwenye mwendo wa 60. Funga kwa mipira miwili iliyopishana msalaba na mmoja wa kukatiza, kisha simameni baada ya kilomita 10 mkaze upya. Kila ncha inayoning'inia ifichwe. Mpira uliofika kwenye cheni hufunga gurudumu la nyuma papo hapo.

Kofia iwe ya kufunika uso mzima, yenye kioo kisichokwaruzwa. Itikise kichwani: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Viatu vifunike kifundo cha mguu, suruali iwe nzito, glavu, koti la mikono mirefu hata kwenye joto la Hedaru, na reflekta juu yake. Koti la mvua na sweta vikae juu kabisa ya begi, kwa maana ukungu wa Soni hauombi ruhusa. Maji lita 2 kila mmoja. Upepo wa tambarare hukausha jasho kabla hujaliona, na kichwa kinachoanza kuuma huko Makanya mara nyingi ni kiu.

Leseni yenye daraja la pikipiki, nakala ya kadi ya usajili na bima iliyo hai viwe mfukoni. Pikipiki ikiwa ya kuazima, bebeni barua ya mwenyewe.

Nani atangulie

Wengi humweka mzoefu mbele siku nzima. Tatizo lake ni kwamba mgeni haendeshi tena barabara, anaendesha taa yako ya nyuma. Ukiongeza, anaongeza, ukikata kona, anakata, hata kama yeye hajaiona. Kwa hiyo gawanyeni. Mjini, kwenye makutano ya Himo na kwenye mlima, wewe mbele. Kwenye tambarare iliyonyooka, yeye mbele, achague mwendo wake kati ya 50 na 60, na wewe nyuma unakuwa ngao yake dhidi ya mabasi, huku ukimsoma.

Na atasomeka. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, ameshika usukani kwa nguvu mno. Resi ikipanda na kushuka kwenye barabara iliyonyooka, mkono umechoka. Ishara ya wazi kuliko zote ni indiketa: amepita lori, amerudi kwenye mstari wake, na taa ya kulia inaendelea kuwaka kilomita nzima. Huyo akili imeshabanwa, haina nafasi ya jambo la ziada. Piga honi mara mbili, simameni mahali penye nafasi, avue kofia, anywe maji, mkae dakika 15 hata kama mlipumzika nusu saa iliyopita.

Mapumziko ya kawaida yawe kila kilomita 50 au saa moja: Mwanga, Same, Hedaru. Same muwe na mlo wa kweli, lakini si sahani ya pilau iliyojaa. Usingizi wa baada ya Same kwenye ile barabara iliyonyooka umeangusha hata wazoefu.

Ishara zenu ziwe za mkono wa kushoto, wa kulia una resi. Mkono juu: tusimame. Kidole kwenye tangi: mafuta. Mguu ukitolewa nje: shimo au mchanga upande huo. Zaidi ya hapo hatazikumbuka.

Barabarani

Achianeni sekunde tatu. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu"; ukifika kwenye nguzo kabla ya kumaliza, uko karibu mno.

Mgeni akiogopa mabasi hujibana kwenye ukingo wa lami. Hapo ndipo penye mchanga, vipande vya matairi ya malori na ngazi ya kushuka kwenye changarawe. Akae ndani, kama mita moja kutoka ukingoni, na asogee kushoto taratibu pale basi linapoanza kumpita. Akishukia changarawe kwa bahati mbaya, asilazimishe kurudi. Gurudumu la mbele likisugua ukingo wa lami kwa pembe finyu linanasa, na pikipiki inalala. Aachie resi, ainyooshe, apunguze hadi mwendo wa kutembea, ndipo apande lami kwa kuikata kwa pembe pana.

Basi linalokuja kwa kasi husukuma hewa, likishapita linavuta. Dawa yake ni viwiko vilivyolegea, magoti yanayobana tangi na kifua kilichoinama kidogo mbele. Upepo wa Same ni vilevile, ila huja kwa vipindi: kwenye uwazi unapiga, nyuma ya kilima au lori unakatika ghafla, na aliyekuwa ameegemea upepo anajikuta anavuka mstari. Punguzeni hadi 50 na mgeni asijaribu kupita lori hapo.

Kuovateki ni uamuzi wa kila mtu peke yake. Wewe ukipita, usimpungie mkono aje. Barabara uliyoiona tupu sekunde tano zilizopita si ile anayoiona yeye. Pita, punguza mwendo, msubiri hata kilomita mbili.

Vijijini kuna vibao vya 50, rasta (vituta vidogo vya mfululizo) na matuta, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo hukaa pale kibao kinapokaribia kuisha. Tuta lipandwe kwa kusimama kidogo juu ya vikanyagio, breki ikiwa imeshaachiwa. Mifugo kati ya Makanya na Hedaru ina kanuni yake: mbuzi mmoja akivuka, wengine wanafuata, na ndama aliyeachwa upande wa pili atamkimbilia mama yake wakati unapita. Pita nyuma ya kundi, mwendo wa gia ya pili.

Tairi likipata pancha, la nyuma huyumbisha mkia na la mbele hufanya usukani mzito. Kwa yote mawili: usukani sawa, resi iachiwe polepole, breki isiguswe hadi mwendo ushuke, kisha pembeni.

Mlima wa Mombo

Ondokeni Mombo saa mbili asubuhi, mwanga ukiwa kamili. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na Coaster na malori ya mboga yanayoshuka hukata kona kwa ndani. Piga honi kabla ya kila kona isiyoonekana. Mgeni afuate mambo matatu kwa mpangilio: ashuke gia ya pili kabla ya kona, aangalie kona inakoishia badala ya kuangalia bonde, na resi iwe imetulia mpaka atoke. Anayebadilisha gia katikati ya kona hupoteza nguvu, pikipiki inasita, na mguu unashuka chini upande wenye mteremko. Soni iko kama nusu ya njia. Simameni hapo, maporomoko ya maji ni kisingizio kizuri cha kupumzisha mikono.

Kushuka siku ya tatu ndiko kunakotaka uangalizi. Gia ya kushukia ni ileile iliyompandisha: ya pili kwenye kona, ya tatu kwenye vipande vilivyonyooka. Injini isizimwe, nyutro isiguswe. Breki za ngoma zikishikiliwa mfululizo hupata moto, viatu vyake (vipande vya ndani vinavyosugua ngoma) vinang'aa kama kioo, na pedali inakuwa ngumu huku pikipiki haipungui. Kabla ya hapo hutoa harufu ya kitu kinachoungua. Mkiinusa, simameni dakika 20. Msimwagie maji: ngoma ya moto inaweza kupasuka, na viatu vilivyolowa havishiki.

Mkifika Mombo, pima tena cheni na gonga spoku za nyuma kabla ya kuishika njia ya Same. Siku ya nne ondokeni Same asubuhi, maana mkivuta hadi jioni, kipande cha Himo hadi Moshi mtakiendesha mkitazama jua linalozama.